Joka Langu na Ramani ya Mwalimu

Jumamosi, 4 Mei
Leo nimeanza rasmi kuongoza mchezo wetu wa hadithi, chumba cha nyuma dukani kwa fundi cherehani. Wachezaji watatu: fundi mwenyewe, shemeji yangu muuguzi, na Mwalimu wa jiografia, hasimu wangu. Kila mmoja ana mhusika wake. Mimi nasimulia yanayowakuta, dadu zinaamua nani anapona. Nina kitabu cha kisa kilichokamilika: wanavuka mto, wanaingia pangoni, wanapigana na joka. Kazi yangu kusoma tu! Nimewaambia nimekitunga mwenyewe.

Hawakuvuka. Shemeji aliuliza mwenye mtumbwi anaitwa nani. Kitabu hakisemi. Nikajibu hana jina. Kosa! Fundi akashika kifua: mtu mzima, hana jina? Masaa matatu wakamtafutia jina, wakamfanyia sherehe, wakamwozesha. Joka halikuonekana hata mkia.

Jumapili, 5 Mei
Mwalimu kapita nyumbani, eti kunipa pole. Pole ya nini? Anasema dawa ni kitabu chake cha visiwa vya kubuni: ramani, miji, wafalme, hadi majina ya wapiga kasia. Kisa hamna, mnatunga wenyewe papo hapo. Anaomba aongoze Jumamosi. Shemeji, naye alikuwepo, akakubali kabla sijafungua mdomo. Mke wangu akammiminia chai ya pili. Nimezungukwa.

Jumatano, 8 Mei
Nimeazima kitabu chake, eti nijifunze. Kipo juu ya kabati, chini ya mablanketi. Nitakirudisha Jumatatu, akishaumbuka. Mimi si wa kuchezewa!

Jumamosi, 11 Mei
Kumbe ana nakala mbili! Nani hununua nakala mbili?

Lakini fundi akauliza, haya, tunafanya nini? Mwalimu akasema lolote mpendalo. Wakatazamana. Akaanza kuwasomea ukoo wa wafalme. Shemeji akasinzia na dadu mkononi. Mwalimu jasho tele. Nilifurahi, nakiri. Kisha akaniinamia, sauti chini: "Ndugu yangu, joka lako liko wapi?"

Sikujizuia. Nikalitua kisiwa cha tatu kwenye ramani yake. Yeye akawa wakazi wote, kila mmoja na jina lake, mimi nikanguruma. Fundi alipanda juu ya kiti. Shemeji alimezwa mzimamzima, akacheka hadi machozi. Hatujawahi kucheza vile! Wakaamua tuongoze sote wawili. Mwalimu akanikumbatia. Aibu kusema, nami nikamkumbatia.

Jumapili, 12 Mei
Nimetafakari kutwa. Siri ya mafanikio ya jana iko wazi: mimi. Kasoro ni moja tu, wachezaji wanasema wapendavyo. Kwa hiyo naandika kitabu changu, na humo nimeweka hata maneno yao. Fundi ana mistari arobaini, aikariri kabla ya Jumamosi. Shemeji ataogopa ukurasa wa tisa, si kabla. Mwalimu nimempa nafasi nzuri sana, mbele kabisa, mlangoni mwa pango. Yeye ni jiwe.