Futi Kamba ya Nukta

Jumatatu, 3 Machi

Mjomba ni mthamini. Anathamini maduka, maghala, ofisi za watu. Mimi, mpwa wake wa damu, hanithamini hata kidogo! Leo tena amemsifu mwanawe mbele ya mteja. Huyo binamu namwita Nukta, maana hapimi chumba bila kutia nukta: mita saba nukta nne tatu. Mimi naandika saba. Saba ina kosa gani?

Ijumaa tunapima jengo la maduka kumi yaliyopangana. Atakayepima vizuri, jina lake litaingia kwenye ripoti. Jina langu! Kwa herufi kubwa!

Jumatano, 5 Machi

Dawa ya Nukta imepatikana. Ana futi kamba ya manjano, anaipangusa kama kichanga. Alipokwenda kunywa chai nikakata nusu mita ya mwanzo, kile kichuma cha nchani nikakirudisha kwa gundi. Kazi safi. Ufundi hausomewi!

Nukta karudi, kauliza mbona nacheka na ukuta.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Mjomba kaiona futi kamba yangu imefutika namba. Katuamuru tubadilishane, eti Nukta ana macho makali. Ningesema nini? Nikaipokea ile ya manjano kwa mikono miwili.

Nikajipa moyo: nitapunguza nusu mita kichwani. Duka la kwanza nikapunguza. La pili pia. La tatu, muuza viatu akaniita Bwana Mthamini. Tangu hapo sikupunguza kitu, nilivimba tu.

Jioni mjomba kajumlisha upana wa maduka yote kumi niliyoyapima. Yamezidi ukuta wa nje kwa mita nne.

“Mpwa wangu,” kasema taratibu, “duka la kumi umelijenga barabarani. Kodi tumdai nani, magari?”

Nukta akaivuta futi kamba. Akaitazama gundi. Akanitazama mimi. Kisha akamwambia baba yake kwamba ilikuwa imechakaa. Basi! Hata kunichongea hawezi. Wema wake unanichoma kuliko pilipili.

Jumapili, 9 Machi

Ripoti imetoka. Jina ni la Nukta. Juu ya hayo, mjomba kamnunulia kipimo cha umbali kinachotumia mwanga: unabonyeza tu, namba inatokea na nukta zake zote!

Nukta kasema atanifundisha kukitumia, sisi ni ndugu. Nimemshukuru sana. Nimekigeuza huku na huku. Hakina kamba ya kukata.

Lakini kina betri.