Jinsi Halvdan wa Ringebu Alivyokifungua Choo cha Teisten

Sogeeni, enyi wenye masikio. Anayekoroga uji na auache mwiko, na anayebishana na aahirishe ubishi wake, maana nasimulia vita vilivyopiganwa katika hori la Kvænangen, mkono wa bahari ulio kaskazini ya kaskazini, mwezi wa Novemba, wakati ambapo jua hupepesa tu macho nyuma ya milima kisha hurudi kulala. Nasimulia habari za Halvdan Rønningen, msawazishaji wa piano, bwana wa nyuzi mia mbili na thelathini, mwenye masikio makali na magoti mabovu, na jinsi alivyokabiliana ana kwa ana na choo cha mashua.

Halvdan alikuwa ametimiza miaka sabini. Umri wake wote aliishi bondeni Ringebu, mbali na maji ya chumvi, akitamani kumwona nyangumi walau mara moja kabla hajafa. Mkewe Gudveig, aliyechoka kuisikia hamu hiyo kila jioni mezani, akamlipia safari ya siku tatu katika mashua ya tanga iitwayo Teisten. Walikuwa abiria sita: wao wawili, dada watatu wa Bodø waliokunywa kahawa kama wengine wanavyovuta pumzi, na Terje wa Stavanger, mhandisi wa visima vya mafuta. Nahodha alikuwa Synnøve, mwanamke wa maneno machache.

Siku ya kwanza hawakuona nyangumi. Siku ya pili waliona kitu cheusi kikubwa, wakakipiga picha arobaini, kikawa mwamba. Na asubuhi ya siku ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, choo kikaziba.

Choo kimoja, enyi wasikilizaji, na watu saba. Nacho kilikuwa choo cha pampu ya mkono, chenye kibao ukutani kilichosema: usitie humu kitu ambacho hukukila kwanza. Synnøve akawakusanya wote sitahani, akawatangazia hukumu. Kisipofunguka kufikia saa sita, atageuza mashua warudi bandarini Skjervøy. Mmoja wa wale dada akauliza kwa unyenyekevu habari za ndoo.

"Ndoo ninayo moja," akasema Synnøve, "nayo ndiyo ninayooshea viazi mnavyokula."

Hakuna aliyeigusa tena mada hiyo.

Ndipo Terje akasimama, mrefu kama mlingoti, akavua koti. "Jamani, mimi nimezibua visima chini ya bahari, kina cha mita mia tatu," akasema. "Hiki nacho ni kitu?" Akashuka kwa kishindo. Kwa nusu saa ilisikika pampu ikilia, kisha matusi ya Stavanger, kisha kimya. Alipopanda alikuwa amelowa hadi kwapani, akaketi karibu na tanga asimtazame mtu.

Halvdan naye alikuwa ameketi akitafuna kipande cha mkate wenye jibini la kahawia, akiyakwepa macho ya mkewe. Maana yeye peke yake alimjua adui aliyejificha ndani ya bomba. Jana yake alasiri, mashua ilipoyumba akiwa humo na suruali zake tatu za baridi magotini, glavu yake ya sufu ilidondoka chooni, naye kwa kutaharuki akaivuta pampu badala ya kuiopoa. Ilikuwa glavu aliyofumiwa na Gudveig, nyekundu yenye nyota nyeupe, kazi ya majuma mawili. Mkewe alipouliza, alimwambia imechukuliwa na upepo.

Basi shujaa akasimama. Magoti yakalia, naye hakuyasikiliza.

Alishuka chini, akamwomba Synnøve aufunge mlango wa maji ya bahari, kisha akachukua kijiko cha supu na kuanza kuligonga bomba, shibiri kwa shibiri, sikio limelala juu yake, kama alivyozisikiliza piano za makanisa kwa miaka arobaini na mitano. Ting, likasema bomba. Ting. Ting. Na penye kona, du. Hapo akajua ngome ya adui ilipo. Lakini mkono wake haukufika, na silaha iliyohitajika ilikuwa moja tu chomboni.

"Gudveig," akaita, "niletee sindano yako ya kroshia."

Gudveig akatokea mlangoni na sindano mkononi, lakini hakuitoa. "Ya nini?"

Hapa ndipo vita vyenyewe vilipokuwa. Halvdan akatazama choo, akamtazama mke wa miaka arobaini na minne ya ndoa. "Ule upepo niliokwambia," akasema, "haukuwepo. Glavu yangu imo humu."

Gudveig akaipigapiga sindano kiganjani. "Kwa hiyo jana nilipokupa ya kwangu uvae, mkono wangu ukafa ganzi, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Sogea nikushikie tochi," akasema. "Tutagombana baadaye, sasa nina haja."

Halvdan akalifungua bomba, akaingiza sindano, akahisi sufu ikinasa. Na saa hiyo hiyo, juu sitahani, sauti ya Synnøve ikapasua hewa: nyangumi, upande wa kushoto. Miguu ikatimka. Vifijo vikasikika. Halvdan akafumba macho. Angeiachia sindano, glavu ingerudi ndani kusikofikika. Angeishikilia, nyangumi wa maisha yake angepita.

"Nenda wewe, mama," akamwambia mkewe. "Ukanisimulie."

"Nikakusimulie ili unisumbue mezani miaka mingine ishirini? Vuta."

Akavuta. Ikatoka nyota moja, ikatoka ya pili, kisha glavu nzima, yenye sura ya kitu kisichosimuliwa mbele ya wanaokula. Bomba likafungwa, mlango wa maji ukafunguliwa, pampu ikavutwa, na maji yakashuka kwa mngurumo mtamu, sauti ya C ya chini kabisa ya piano, isiyo na kasoro.

Walipopanda, bahari ilikuwa tupu. Terje akasema kwa huruma kwamba wamepita kumi na wawili, sasa wamekwenda. Halvdan akatikisa kichwa, akatangaza kwamba choo kimefunguka.

Kabla hajamaliza neno, sitaha ilibaki uwanja mtupu. Dada watatu, mhandisi na nahodha mwenyewe walikuwa wamejipanga foleni chini. Wawili wakabaki ukingoni, mkono wa Halvdan ndani ya mfuko wa koti la Gudveig. Ndipo maji yakavimba hatua tano kutoka walipo, mgongo mweusi ukapanda taratibu usiishe, pumzi ikafoka juu na kuwanyeshea usoni.

Halvdan alilia waziwazi. Gudveig akajifuta uso, akasema, "Ananuka kuliko wewe," na hakuutoa mkono wa mumewe mfukoni mwake.

Na huko chini, wa kwanza kutoka alipigiwa makofi, wa pili akaimba, na Terje akashuhudia kwamba kazi ya namna ile hajaiona baharini. Jioni Synnøve aliandika katika daftari la chombo, kwa wino na herufi kubwa: LEO HALVDAN RØNNINGEN AMEKIFUNGUA CHOO. Nyangumi aliwaongeza pembeni, kwa penseli.