Suti Zimo, Matangazo Hayamo

Jumatatu, 1 Juni 1998
Ruring'u nzima bado imelala, mimi nimeamka! Mutahi, fundi cherehani na rafiki yangu, ameniazima majarida ya mitindo ya wanaume aliyoachiwa na marehemu baba yake, Moffat. Nitayaingiza yote kwenye kompyuta ya chuo ninapofundisha kuchapa. Watafiti watamiminika. Mutahi ameapa kwamba ukurasa ukipotea, urafiki umekwisha. Mtu wa wasiwasi sana.

Jumatano, 3 Juni
Skana ni kobe. Disketi zinajaa upesi. Nimepata akili: naingiza suti tu. Matangazo ya nyembe, mafuta ya nywele na tai, takataka! Nimeyachana nikampa Gatobu wa bucha afungie nyama. Akanishukuru kwa matumbo. Nimekula vizuri.

Ijumaa, 5 Juni
Karimi, mtafiti wa chuo kikuu, amefika kutoka Nairobi. Akatazama suti, akapiga miayo. Akauliza matangazo yako wapi. Ati suti zinaonyesha mwanamume alivyovaa. Matangazo yanaonyesha alivyotamani kuwa. Hilo neno limenikwama kichwani. Nilimdanganya kwamba yako kwenye hifadhi nyingine.

Jioni Mutahi naye akaja. Anataka ukurasa wa tai, kesho ana bwana harusi. Kumbe Moffat aliwafungia tai mabwana harusi wote wa mtaa wa jirani, Skuta, akichungulia tangazo hilo, hatua kwa hatua. Mutahi mwenyewe hajawahi kujifunza.

Jumamosi, 6 Juni
Nilimkimbilia Gatobu. Nyembe zimeenda na maini. Mafuta ya nywele yameenda na mbavu. Ukurasa wa tai anaukumbuka vizuri: ndio aliofungia matumbo yangu.

Nami ndio niliowashia jiko.

Nikaenda nikamwambia Mutahi ukweli. Alihangaika na ile tai shingoni mwa bwana harusi mpaka wakaamua aende bila. Kisha akanigeukia, akasema, "Asante, Bwana Njue." Tangu utotoni nilikuwa Njue tu. Nimeumia kuliko kama angenipiga.

Jumatatu, 8 Juni
Karimi amerudi Nairobi bila kuniaga. Nimewaza sana, na kosa nimeliona: nilichukua mali ya rafiki. Sasa nitachukua ya kanisa. Mama Murugi, mwenyekiti wa akina mama, anatunza albamu za harusi za miaka yote. Picha nzuri, ila wageni ni wengi mno. Nitawakata wote, nibakishe maharusi. Disketi zitatosha!