Mama Mkwe na Chumba Chenye Dirisha

Jumatatu, 3 Machi
Chumba chenye dirisha kiko wazi. Mkuu anaandaa sera ya kugawa vyumba. Miaka tisa nakaa kati ya kabati la mafaili na mlango wa choo, kwa hiyo chumba ni haki yangu. Mpinzani ni mmoja tu, Bwana Muhuri, anayegonga mhuri hata kwenye gazeti lake.
Nimemuuliza Mkuu nani atapata. Akasema nivute subira. Subira huvuta heri, haijawahi kuvuta dirisha.
Nina mpango. Mwananchi yeyote ana haki ya kuomba taarifa serikalini. Na karani wa kujibu maombi ni nani? Mimi! Ombi likija, nitapewa jalada nilisome.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwomba mama mkwe asaini ombi. Akasema vyumba vyake vitatu vinamtosha. Amesaini kwa sharti nimtengenezee bawaba ya mlango. Nimetengeneza. Sasa mlango haufungiki kabisa.

Jumatano, 5 Machi
Ombi limefika. Jalada halikufika. Mkuu akasema sera ikiwa bado inaandaliwa, sheria inaruhusu kutoitoa kwa wananchi, basi nikatae kwa adabu. Nimeandika barua tamu ajabu. Nusura inishawishi mimi mwenyewe. Bwana Muhuri ameigonga mara tatu.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe kapata barua. Akasema hajawahi kukataliwa na mtu anayekula kwake kila Jumapili. Nikamwambia kazi ni kazi. Akasema sawa, na yeye sasa ana kazi. Amekata rufaa, kurasa sita, kwa mkono.

Jumatano, 19 Machi
Ameshinda! Bodi ya rufaa imesema kugawa vyumba vinne si sera ya serikali, ni kupanga viti, na karatasi zote zitolewe.
Mama mkwe kaja na miwani na kanga mpya, akasoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Ukurasa wa kwanza, tarehe 3 Machi: chumba chenye dirisha apewe karani wa maombi. Mimi! Niliruka nikagonga kabati.
Akafungua ukurasa wa pili, tarehe 5 Machi. Kwa kuwa wananchi wameanza kuomba taarifa, mgao umefutwa. Chumba kitakuwa cha wananchi kusomea.
Ofisi ilicheka mpaka Mkuu akakaa chini. Nami nilicheka, ingawa roho iliniuma. Mama mkwe amekaa dirishani, ameagiza majalada mengine manne, na anayempelekea ni mimi. Sijawahi kumwona na furaha hivi. Alinipungia mkono.

Alhamisi, 20 Machi
Nasikia kinakuja kiti kimoja kipya cha ofisi, chenye magurudumu. Mkuu anaandaa utaratibu wa kukigawa. Nimeuliza, akasema nivute subira.
Jioni nimempelekea shemeji fomu ya kuomba taarifa. Naye ni mwananchi. Amekubali, ila ana bomba linalovuja.