Mkate wa Ndizi na Jani la Isale

Leo nimejivua nguo ukweni. (Kwa mdomo. Tulieni.)

Ni Krismasi yangu ya kwanza Marangu. Mimi nimekulia kule chini kwenye mashamba ya miwa, wazazi wangu watu wa Songea, mambo ya Wachagga nayajua juu juu tu. Nilitaka mama mkwe anikubali. Nikaamua kumpikia mkate wa ndizi, aukute mezani akitoka ibadani.

Mkate ukatii! Ndizi mbivu, zabibu kavu, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Ukaumuka mpaka nikajiogopa mwenyewe. Ila sahani naiona kavu. Nikatoka nje, nikakuta mpakani mwa shamba majani marefu ya kijani, yanang'aa. Nikachuma moja, nikalifunga fundo zuri, nikaliweka juu ya mkate. (Mapambo, eti.)

Wakarudi: mama mkwe, wifi, mume wangu. Nikapiga goti, nikatoa sahani kwa mikono miwili. "Heri ya Krismasi, mama."

 

Mama akalishika lile jani. "Mama Neema, umeniletea isale?"

"Ndiyo, mama." Nikatabasamu!

"Basi nimekusamehe. Isale halikataliwi. Haya, sema umefanya nini."

Mtu mwenye akili angeuliza isale ni nini. Mimi nikaona wote wananikodolea macho, nikajua wameshajua. Nikaropoka:

"Mama, ule mtori wa ndizi na nyama ulionipikia miezi mitatu ya uzazi... sikuunywa. Unanishinda. Ukigeuka tu, anaunywa Baba Neema."

Lo! Mama akageuka taratibu, akakitazama kitambi cha mwanawe. Mume wangu akainama kufunga kamba za viatu. (Alivaa ndala.)

"Na mimi nimetangazia kanisa zima kwamba mtori wangu ndio uliokujaza maziwa," mama akasema.

Wifi, mbavu hana, ndiye aliyenieleza kwamba jani lile hupelekwa na mkosaji anayeomba radhi. Mkosaji! Nilikuwa nimeleta mkate tu, jamani. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama alinisamehe kweli, neno lilishamtoka. Akala vipande viwili, akausifu mkate. Kisha akaingia jikoni, akatoka na bakuli la mtori limejaa pomoni, akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Kunywa, nikuone."

Nimemaliza la pili sasa hivi. Msinichekeshe, tumbo haliguswi.