Jezi Namba Nane Bado Ina Mwenyewe

Kwa Mwenyekiti,
Klabu Yetu ya Mpira wa Kikapu,
Kwa mkono wa mlinzi wa lango.

Ndugu Mwenyekiti,

YAHUSU: MALALAMIKO JUU YA KUJENGWA UPYA KWA TIMU AMBAYO HAIJABOMOKA

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe pamoja na mgongo wako, ambao mkeo aliniambia ulikusumbua wiki iliyopita. Mimi ni mama yake Mnara, jezi namba nane, nahodha wa timu tangu siku za ubingwa. Ndimi fundi cherehani wa duka linalopakana na kinyozi, ninayeshona na kurekebisha jezi za klabu mwaka wa kumi na moja sasa. Shule niliishia njiani, lakini mwalimu wangu alikuwa akisema mwandiko wangu unasomeka hata karatasi ikishikwa juu chini, kwa hiyo sitarajii kusikia kwamba barua yangu haikueleweka.

Nimepata habari kwamba Jumamosi wanachama mnakutana kuamua nani abaki na nani aondoke, ili timu ijengwe upya. Nimepata habari pia kwamba jina la mwanangu limo kwenye hiyo karatasi ya kuondoka, na liko juu kabisa. Kuwa juu tumezoea, lakini si juu ya karatasi ya namna hiyo. Naomba malalamiko yangu yasomwe kwa sauti mbele ya mkutano kabla hamjanyoosha mikono, na atakayesoma asiruke kitu.

1. Kwanza ni kelele za kwa kinyozi.

Kati ya duka langu na lake kuna ukuta wa mbao tu, na mbao zenyewe hazikukutana vizuri. Miaka ile mitatu tulipocheza fainali mfululizo, tukachukua kombe mara mbili na la tatu tukalikosa kwa kikapu kimoja, pale palikuwa na amani. Watu walinyolewa, wakajitazama kwenye kioo, wakaenda zao. Sasa tumefungwa mechi tisa katika kumi na moja, na kila anayeketi kwenye kile kiti anakuwa kocha kabla hajafungwa kitambaa shingoni.

Wamegawanyika pande mbili. Kinyozi na wenzake wanasema wakongwe wote watolewe, tuanze na watoto, tukubali kufungwa miaka miwili mitatu. Upande wa pili yuko karani mstaafu, anayeandika matokeo kwenye daftari tangu timu ilipoanzishwa. Yeye anasema mabingwa hawamwagwi kama maji ya kuoshea vyombo, wachanganywe na vijana taratibu. Nilimheshimu sana karani mpaka Jumanne, alipofungua daftari lake akasema kwamba siku hizi Mnara, tukipoteza mpira, anarudi nyuma kulinda kama mtu aliyekumbuka kwamba kasahau mwavuli, lakini hana uhakika kama mvua itanyesha.

Walicheka mpaka mbao zikatikisika. Kinyozi alicheka mashine ikiwa mkononi. Mteja wake alitoka pale na barabara katikati ya kichwa, akaja kwangu kuomba kofia. Kofia sishoni. Nilimfunga kipande cha pazia, akaenda nacho kazini. Je, huko ndiko kujenga?

2. Pili ni hilo neno lenyewe, kujenga upya.

Chumba changu cha uani nimekijenga mara mbili, kwa hiyo kujenga nakujua. Fundi akija akaanza kung'oa nguzo paa likiwa bado liko juu, huyo hajengi, huyo ana ugomvi na wenye nyumba. Halafu kocha anawaambia mashabiki wavumilie, mambo yatakaa sawa baada ya miaka mitano. Miaka mitano, Mwenyekiti! Mimi nilibeba mtoto tumboni, tena mtoto mrefu kupita kawaida, na bado nilipewa tarehe. Kocha naye atoe tarehe. Ikifika na timu haijazaliwa, apelekwe kunakohusika.

3. Tatu, wanasema mwanangu amezeeka.

Huu ni uzushi, na nina ushahidi. Mnara ana miaka thelathini na nne na miezi kumi na tisa tu. Siku aliyozaliwa, mkunga aliwaita wenzake wawili waje kuona miguu. Kitanda cha mtoto alichoazimwa na shangazi yake kilimtosha siku kumi na mbili, baada ya hapo tukatoa ubao wa miguuni. Mtoto wa namna hiyo hazeeki kwa kasi ya watu wengine, kwa sababu ana mwili mwingi zaidi wa kuzeesha.

Ushahidi mkubwa ni jezi. Jezi aliyovaa siku tuliyochukua kombe la kwanza ndiyo hiyo hiyo anayovaa leo. Haijabadilishwa. Inamkaa vile vile, haimbani kifuani wala tumboni, na mimi ndiye ninayeitunza, hakuna anayeijua kunizidi. Karani na daftari lake aje anieleze: mtu anawezaje kuwa amechuja, na nguo ya miaka kumi na moja bado inamkaa? Nguo haidanganyi. Wewe mwenyewe, Mwenyekiti, suruali uliyovaa siku ya kupokea kombe niliishona mimi, na sijamwambia mtu yeyote kipimo cha kiuno chako cha wakati ule wala cha sasa. Nalitaja hili kwa heshima tu.

4. Nne ni mechi tuliyofungwa kwa tofauti ya vikapu kumi na sita.

Watu wote walimlaumu Mnara. Hakuna aliyeangalia chuma. Siku ya pili yake nilikwenda uwanjani na utepe wangu wa kupimia, nikamwomba mtunza uwanja ngazi, nikapanda mwenyewe na gauni langu, nikapima ringi zote mbili kutoka sakafuni. Ringi ya upande wa mlangoni imezidi ile nyingine kwa upana wa vidole viwili. Na huo ndio upande aliokuwa akitupia mwanangu!

Mtunza uwanja, mtu mpole lakini mbishi, alinieleza kwamba timu hubadilishana pande wakati wa mapumziko, kwa hiyo kila mmoja hutupia ringi zote mbili. Nilimjibu kwamba hilo nalijua, sikuanza kutazama mpira jana. Lakini kipindi cha pili kinapofika, mwanangu anakuwa ameshavunjwa moyo na ringi ya kwanza. Alichofanya ni kunishikia ngazi nishuke.

5. Tano ni huyu kijana anayeitwa Fito.

Sina ubaya naye. Ana miaka kumi na tisa, ana adabu, ananiamkia hata akiwa ng'ambo ya barabara, na mama yake yuko mbali, ndiyo maana kila Jumapili anakula kwangu. Anakula vizuri. Lakini mwembamba jamani! Jezi yake ya mazoezi nimeipunguza mara mbili na bado inapepea kama bendera. Mashabiki wanasema huyu ndiye wa kuijengea timu, kwa sababu anaruka. Mwenyekiti, hata paka wa kinyozi anaruka, na hakuna aliyempa namba.

Kama angekuwa tayari, kwa nini mwanangu anahangaika kumfundisha? Maana siku mbili kila wiki, asubuhi, Mnara anakuja naye uani kwangu. Mnara anakaa kwenye kiti, ameweka mfuko wa barafu gotini kwa sababu ya joto, na kutoka hapo anamwonyesha kwa fimbo ya pazia: weka mguu hapa, geuza bega, usiutazame mpira, tazama kiuno cha mtu. Wameshanikatia kamba ya kuanikia nguo mara tatu. Mimi nikiwa nashona nawaona dirishani, na najua mwanangu anafanya hivyo ili kijana atambue mwenyewe ana safari ndefu kiasi gani. Wiki iliyopita Fito alimpita akatia kikapu kwenye tenga nililolitundika ukutani. Mnara akapiga makofi. Ndivyo mtu mzima anavyomliwaza mtoto.

6. Sita ni maombi yangu, kwa kuwa sipendi kulalamika bila kuleta dawa.

(a) Ringi ya upande wa mlangoni ishushwe. Mkishindwa kuishusha, sakafu ya upande huo iinuliwe.

(b) Karani anakiri, na daftari lake linaonyesha, kwamba katika robo mbili za mwanzo Mnara bado ni Mnara. Anayumba robo ya tatu, na ya nne anatazama saa. Basi mechi zetu ziwe na robo mbili. Timu nyingine wakitaka kubaki na robo nne, waendelee nazo, hatuwazuii, sisi tutakuwa tumekwenda kuoga.

(c) Asiruhusiwe kuzungumzia kujengwa upya kwa timu mtu ambaye hajazaa hata mchezaji mmoja. Kinyozi ana watoto watano na hakuna aliyefika begani kwa Mnara, hata yule anayevaa viatu vya kisigino.

(d) Kama lazima timu ijengwe upya, kazi hiyo nipewe mimi. Nimemjenga nahodha kutoka kilo nne na nusu bila kamati, bila kocha wa kigeni, na hakuna msimu nilioomba mashabiki wanivumilie.

7. Saba, na hapa ndipo mlipokwama kisheria.

Klabu yetu ina desturi yake, nawe Mwenyekiti uliinyooshea mkono. Baada ya kombe la kwanza tulikubaliana kwamba jezi za mabingwa hazitatupwa, bali zitarithishwa, nami nitazirekebisha zimkae anayefuata. Na tulikubaliana kwamba jezi haivuliwi mtu kwa karatasi wala kwa kura. Mwenyewe ndiye anayeifua, anakuja nayo dukani kwangu, anaiweka juu ya cherehani. Akishaiweka, amemaliza. Asipoiweka, hata mkutane Jumamosi kumi na mbili, jezi bado ni yake na timu bado ni yake.

Wanne wa kikosi kile wameshaniletea zao. Nilimpa kila mmoja kiti, tukanywa chai, nikafumua mishono wakitazama. Namba nane haijaletwa. Cherehani yangu iko dirishani, naitazama kutwa, na juu yake hakuna kitu isipokuwa mkasi. Namjua mwanangu, haitaletwa. Kwa hiyo naomba jina lake lifutwe kwenye karatasi yenu, na karatasi yenyewe niletewe nikatie michoro ya kola.

Nakomea hapa kwa kuwa wateja wamejaa mlangoni. Msalimie mkeo, na mwambie gauni liko tayari. Wasalimie wanachama wote, wa kubomoa na wa kutengeneza, na mtunza uwanja na ngazi yake. Kocha msalimie, lakini usimsalimie sana. Karani mwambie daftari lake nalisamehe isipokuwa ukurasa wa mwavuli. Kinyozi hana haja ya salamu zangu, maana naandika huku naisoma kwa sauti, na tangu kifungu cha kwanza mashine yake imenyamaza.

Ni mimi ninayeitakia klabu mema na mwanangu mema zaidi,

Mama Mnara,
Fundi wa Jezi.

Tanbihi. Ijumaa asubuhi, bahasha ikiwa bado haijafungwa.

Mnara amekuja. Amekuja peke yake, jezi ameifua mwenyewe, na ameifua vibaya, sabuni imebaki makwapani. Akaiweka juu ya cherehani. Nilimuuliza ni nani amemtisha, ni kocha au ni hawa wa ng'ambo ya ukuta, niwaendee sasa hivi. Akasema hakuna, Mama, goti lilinipa habari mapema kuliko karani. Kumbe alishamwambia kocha tangu wiki tatu zilizopita, na jina lake liko juu kwenye karatasi kwa sababu aliliandika yeye, kwa mkono wake. Aliyekuwa hajaambiwa ni mimi tu. Akasema alikuwa anasubiri siku ambayo sitakuwa na mkasi mkononi.

Nilimpa kiti, nikachemsha chai, nikafumua. Sasa, Mwenyekiti, hili libaki kati yetu. Pembeni zimetoka pande sita za kitambaa, tatu kila upande, ambazo nilikuwa nazitia mbili mbili kila baada ya misimu michache kwa uzi wa rangi ile ile, bila kumwambia mtu, hata yeye. Alizipanga mapajani akazihesabu, akacheka mpaka akamwaga chai. Akasema kumbe ndiyo maana alikuwa anajiona hajabadilika. Kisha akazikunja moja moja, akanirudishia mkononi.

Hivyo barua isomwe Jumamosi kama ilivyo, nimetumia karatasi nne, ila atakayesoma aruke kifungu cha tatu. Na cha saba. Ringi ishushwe hata hivyo.

Jezi namba nane imo kwenye mfuko unaokuja na barua hii, imefuliwa upya, imepunguzwa kwa kipimo cha Fito. Ile ziada sikuikata, nimeikunjia ndani ya mishono, upana wa vidole vitatu kila upande, kwa sababu kijana yule Jumapili anakula kwangu.