Kopo la Bobini na Mikono ya Bi Harusi

Jumatatu, 3 Juni

Shajara yangu, salamu nyingi. Hujambo? Kurasa zako hazijaingia unyevu? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila moyo unanienda mbio. Harusi ya mpwa wangu ni Jumamosi na lesi ya gauni lake iko juu ya meza yangu, haijaguswa. Dada yangu hakutaka nilishone mimi. Alimtaka fundi wa mlango wa pili, tunayemwita Mstari kwa jinsi mishono yake inavyonyooka. Bi harusi ndiye aliyenitetea: ama mjomba, ama hakuna gauni. Lesi yenyewe imekwisha dukani, hakuna nyingine. Dada alinikabidhi akasema kwa upole kabisa kwamba nikiiharibu nisimwite dada tena. Akatabasamu. Dada akitabasamu hatanii.

Asubuhi redioni daktari mmoja alieleza jinsi akili ya mtu inavyozurura, mwili uko hapa, yenyewe iko kwingine, na jinsi uamuzi wa vitu vidogovidogo unavyoichosha. Nikasema, huyu ananisema mimi! Akasema dawa ipo, tena rahisi. Hapo nikaanza kuwaza kama bomba la uani nimelifunga. Niliporudi walikuwa wanasoma matangazo ya vifo.

Basi. Dawa nitaitunga mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Nimeipata! Bobini za cherehani, vile vigurudumu vya uzi, nyeupe na nyeusi, ndani ya kopo la maziwa. Nyeupe ndiyo, nyeusi hapana. Mambo madogo yote yaamuliwe na kopo, akili ibaki kwenye gauni.

Nivae shati la bluu? Nyeusi. La kijivu? Nyeusi. Nimeshinda na fulana. Nile? Nyeusi. Alasiri tumbo linanguruma, nyeusi tena! Mke wangu akauliza kama nitamsaidia kuanika mablanketi. Nikatia mkono koponi. Akataka kujua aliolewa na mwanamume au na bobini.

Halafu wasiwasi ukaniingia: hii si kupiga ramli? Nimeona haya kumuuliza shehe. Nikaliuliza kopo. Likasema hapana. Nimetulia kidogo.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya kukata. Kopo peke yake halitoshi. Mkasi uko kwenye lesi, akili iko kwa Mstari. Jana alinisalimu huku anacheka. Alicheka nini?

Nikampa mke wangu kazi. Akiwa jikoni aite "Uko wapi?" kila akikumbuka, nami nijibu "Nipo!" kama kweli nipo. Mpango wa ajabu! Kaita kutwa, nimejibu kutwa. Gauni lote limekatika, na mikono yake mirefu.

Ila kwenye swala ya alasiri nilipotea, sijui rakaa ya tatu au ya nne, na sauti ya jikoni ilipoita, nusura nijibu. Astaghfirullah.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwisha.

Mikono yote miwili ni ya kushoto! Lesi hii ina uso na mgongo. Ukishakata mkono mmoja, lazima uigeuze karatasi ya kipimo ndipo ukate wa pili. Sikuigeuza. Wakati ule nilikuwa namjibu Mstari kichwani, maneno makali, akanywea kabisa. Na mdomo wangu? Unasema "Nipo! Nipo!" Umejifunza kujibu peke yake. Mke wangu anasema mara moja aliita "Umekufa?" nikajibu nipo.

Dada akapiga simu kuuliza gauni limefikia wapi. Nikasema mkono umekaa vizuri sana. Sikudanganya. Mmoja umekaa.

Nimweleze ukweli? Nyeupe. Nikachanganya. Nyeupe. Nikalitikisa kopo mpaka jirani akagonga ukuta. Nyeupe. Kopo limeharibika. Nadhani ni joto.

Ijumaa, 7 Juni

Nilimshauri bi harusi kwa simu abebe maua kwa mkono wa kulia siku nzima, juu kidogo, karibu na sikio. Akacheka sana. Akasema mjomba una vituko.

Nikiwa naomba dua ardhi inimeze, Mstari akaingia kuazima chaki. Akaiona mikono. Hakucheka! Afadhali angecheka. Akauliza polepole gauni lenye mkia mrefu hivyo linaenda kufagia nini. Tukaukata mkia, ukatoka mkono wa kulia. Alinishikia kitambaa mpaka mwisho, pini mdomoni. Sikumshukuru sawasawa. Nilikuwa nawaza: huyu anataka nini?

Jumamosi, 8 Juni

Nakuandikia kutoka harusini, nimejificha nyuma ya viti.

Bi harusi kapendeza, mashallah! Dada akamzunguka, akauliza mkia uko wapi. Nikainama kutafuta pini isiyokuwapo. Bi harusi akadakia kwamba yeye ndiye hakuutaka, watu wangeukanyaga. Akanikonyeza. Sijui alikuwa na nini jichoni.

Kisha Mstari akamsogelea dada. Akamwambia mikono imekaa vizuri, basi, akaenda kula. Dada akanikumbatia huku analia, akasema kumbe anaye mdogo wake. Asubuhi alikuwa ameniachia hata gauni lake mwenyewe la kubadilisha jioni, nilinyooshe.

Kwa hiyo kopo linafanya kazi! Nitaongeza bobini nyekundu, maana yake labda.

Lakini kuna jambo moja. Leo asubuhi gauni la dada lilikuwa chini ya pasi. Nikawaza huyu Mstari mbona kanisaidia. Mke wangu akaita "Uko wapi?" nikajibu "Nipo!" na sasa nipo hapa. Wewe ulikuwa pale pale mezani, kando ya pasi, kabla sijakutia mfukoni. Pasi niliizima? Kopo nimelisahau nyumbani, na dada anakuja huku anatabasamu.

Tafadhali nijibu upesi.